Baba yangu aliitwa Juma: je, mwanangu anaweza kulibeba jina hilo Ufini?

Swali: «Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa na Mfini aitwaye Antti, na tunaishi Tampere. Tunatarajia mtoto wa kiume. Marehemu baba yangu aliitwa Juma na tangu zamani nilikusudia mtoto wangu wa kwanza wa kiume awe somo yake. Mama mkwe anasema jina hilo haliwezi kukubaliwa Ufini kwa sababu linafanana na neno lao la Mungu, na kwamba majina huchaguliwa katika orodha ya serikali. Wao wanapenda Eino, jina la babu yake mume wangu. Nilipotaja majina mezani, wifi yangu alinikatiza, akasema jina halitajwi kabla ya ubatizo. Mimi ni Mwislamu, na mume wangu si mtu wa kanisani. Je, mtoto asipobatizwa atapataje jina? Na je, atapoteza desturi yetu ya kufuatisha jina la mtoto na la baba, yaani Juma Antti? Naogopa kuwaudhi wakwe, na naogopa zaidi kumsaliti baba yangu.»

Dada yangu, hongera kwa ujauzito, na Mwenyezi Mungu akujaalie ujifungue salama. Umeuliza mambo kadhaa, lakini nikisoma barua yako naona hofu moja chini ya yote: kwamba nchi unayoishi haina nafasi ya jina la baba yako, na kwamba ukilishikilia utakuwa umewakataa wakwe zako. Nitangulize jibu ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia. Kwa jinsi sheria ilivyo, jina la Juma lina njia ya kusajiliwa Ufini. Mtoto hahitaji kubatizwa ili awe na jina. Majina yanayoruhusiwa kwa mtoto mmoja ni zaidi ya moja, hivyo Juma, Antti na Eino wanaweza kukaa pamoja bila mmoja kumfukuza mwenzake. Kazi iliyo mbele yenu ni kuamua jina gani litangulie na lipi lifuate, na hapo ndipo penye mambo ya kufikiria kwa makini.

Nianze na hiyo orodha ya serikali. Ufini haina orodha ya majina ambayo mzazi analazimika kuchagua humo. Iliyopo ni sheria ya majina ya kwanza na ya ukoo, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, ambayo inaruhusu mtu awe na majina ya kwanza hadi manne, kutoka matatu yaliyoruhusiwa hapo awali. Sheria hiyo inataka jina lifae kuwa jina la mtu kwa umbo, maudhui na maandishi yake, liwe limezoeleka kwa jinsia ya mtoto, lisiwe na sura ya jina la ukoo, na lisiwe la aibu wala la kumletea mwenye jina madhara ya wazi. Jina huhesabiwa kuwa limezoeleka iwapo wapo watu watano au zaidi walio hai, wa jinsia hiyo, wanaolibeba katika daftari la watu la nchi. Hata jina lisilofikia idadi hiyo laweza kukubaliwa kwa sababu ya mapokeo ya dini, au kwa sababu familia ina uhusiano na nchi nyingine ambako jina hilo ni la kawaida, na uhusiano huo waweza kuwa wa uraia au wa ukoo. Wewe ni Mtanzania wa Tanga uliyezaliwa na mzee Juma. Sioni uhusiano ulio wazi kuliko huo.

Nadhani najua mama mkwe alikoitoa dhana ya orodha. Wafini wana kalenda ya majina, ambamo karibu kila siku ya mwaka imepewa jina moja au zaidi, na mwenye jina hupongezwa siku yake ikifika, pengine kwa kahawa na keki kazini. Desturi hii ilitokana na sikukuu za watakatifu katika kanisa la zamani, ikabaki hata baada ya nchi kuingia Ulutheri, na leo orodha ya majina hayo huandaliwa na ofisi ya almanaki ya Chuo Kikuu cha Helsinki, ambayo huihariri kila baada ya miaka kadhaa. Wafini wanaozungumza Kiswidi wana kalenda yao, Waorthodoksi wana yao, Wasami wana yao, na ipo hata ya farasi, mbwa na paka. Matti husherehekewa tarehe 24 Februari, Pekka tarehe 29 Juni, Antti wako tarehe 30 Novemba. Mtu aliyekua na kalenda hiyo ukutani jikoni anaweza kwa nia njema kabisa kuiona kama orodha ya majina halali. Kumbe haina nguvu yoyote ya sheria, na watoto wengi wa Ufini leo wana majina yasiyokuwa na siku ndani yake.

Sasa tuje kwenye kufanana na neno la Mungu, kwa kuwa hapa mama mkwe hasemi jambo la kutunga. Mungu kwa Kifini ni «Jumala», na masikio ya Mfini yatasikia silabi mbili za mwanzo za neno hilo katika jina la baba yako. Zaidi ya hapo, Kifini huongeza viambishi mwishoni mwa majina ya watu kama kinavyofanya kwa nomino nyingine: kitu cha Antti ni «Antin», anayepewa Antti hupewa «Antille», na alichonacho Antti kiko «Antilla». Ukifanya hivyo kwa Juma unapata «Juman», «Jumalle» na «Jumalla», na hilo la mwisho limekaribia sana neno la Mungu kwa sikio lisilo makini. Aidha yapo maneno mepesi ya mshangao, yale ambayo wazee huyatumia wanapojizuia wasitukane, yanayoanza na silabi hizo, mojawapo likiwa «jumankauta». Haitashangaza mtoto mwenzake akiligundua jambo hilo darasa la pili na kulifanyia utani kwa wiki moja.

Je, utani huo ni madhara ya wazi ambayo sheria inayazuia? Kwa maoni yangu, la. Wafini wenyewe wanaishi vizuri kabisa na majina yenye maana nyingine mitaani. Yrjö ni jina la heshima, umbo lao la Georg, na limebebwa na wanasiasa na maprofesa, ingawa katika lugha ya mtaani neno hilohilo lina maana ya matapishi. Kari ni jina la maelfu ya wanaume wa makamo, nalo ni neno la mwamba uliojificha chini ya maji. Kai maana yake ya kawaida ni «nadhani» au «huenda». Hakuna anayecheka anapomwita Kari, kwa sababu sikio huzoea mtu kabla ya kukumbuka neno. Hivyo mshukuru mama mkwe kwa kukutahadharisha, kwa kuwa amekuonyesha jambo la kweli, lakini usikubali kwamba jambo hilo ni pingamizi la kisheria.

Kuna jambo ambalo hakulitaja, nami naliona zito zaidi, nalo ni matamshi. Herufi J ya Kifini hutamkwa kama Y yetu. Juhani husomwa «Yuhani», Jukka husomwa «Yuka» kwa kukaza k, na mwanao, mahali popote atakapoitwa kutoka kwenye karatasi, ataitwa «Yuma». Mwalimu akifundishwa atatamka vizuri, lakini kila mwaka atakuja mwalimu mwingine, na kila zahanati ina muuguzi wake. Hali ni hiyo hiyo kwa herufi nyingine ambazo wasomaji wenzako wanaotarajia watoto huko wangependa kuzijua. Z husomwa «ts», kwa hiyo Hamza huwa «Hamtsa». W husomwa V. Na Y yao ni irabu kama i inayotamkwa kwa midomo iliyoviringwa, hata Yusufu akiandikwa kwa Y anapata mwanzo ambao mama yake hataujua. Mkazo nao huangukia silabi ya kwanza daima, wakati sisi huuweka katika silabi ya pili kutoka mwisho, na ndiyo maana Baraka hubadilika mlio lakini jina la silabi mbili, kama Juma, hubaki na mkazo wake palepale. Kwa upande huo baba yako alikuwa na jina zuri la kusafiri nalo.

Wako wanaoshauri kubadili maandishi, na kwa kuwa Waswahili wa Kongo, kwa kufuata Kifaransa, huandika Djuma, mtu anaweza kusema umbo hilo lingemsaidia Mfini kutamka na pia lingelitenga jina na neno la Mungu. Hoja hiyo ina nguvu, sikatai. Hata hivyo nasita, kwa sababu mtoto anaitwa kwa ajili ya mtu fulani ambaye jina lake liliandikwa kwa namna fulani, na siku atakapokuja Tanga kutafuta kumbukumbu za ukoo, herufi moja ya ziada itamfanya ajieleze katika kila ofisi. Mkitaka Djuma, mlitake kwa kuwa mnalipenda.

Unaogopa pia kwamba majina ya Kifini yatakuwa mageni mno kwa upande wako. Hapa ningependa utulie kidogo unisikilize, maana historia ya majina yao ya kiume iko karibu nasi kuliko unavyodhani. Kundi kubwa kabisa ni la majina ya Biblia na ya watakatifu, yaliyoingia na Ukristo katika zama za kati, kisha yakapita katika vinywa vya wakulima ambao lugha yao haikupenda konsonanti mbili mwanzoni mwa neno wala sauti za b, d, g na f. Kristofferi alipopita katika kinywa hicho akawa Risto, Stefano akawa Tapani, Andrea akawa Antti, Henrik akawa Heikki, Petro akawa Pekka. Yohana peke yake alizaa ukoo mzima: Johannes, Juhani, Juho, Juha, Jussi, Jukka, Janne, Hannu na wengine. Juhani ndilo jina la kiume lililoenea kuliko yote Ufini ukihesabu majina yote ya kwanza ya kila mtu, kwa kuwa wazazi wengi hulitia katika nafasi ya pili. Huyo Yohana ndiye Yahya wetu. Sakari ni Zakaria, Joonas ni Yunus, Elias ni Iliyasi, na Elias ni miongoni mwa majina yanayopendwa mno kwa watoto wa sasa. Mwislamu wa Tanga hana haja ya kuona haya mbele ya mjukuu aitwaye Elias.

Kwa karne nyingi, chini ya utawala wa Uswidi na hata baada ya nchi kuchukuliwa na Urusi mwaka 1809, makasisi waliandika majina hayo kwa Kiswidi katika vitabu vya kanisa, na nyumbani watu wakaitana kwa Kifini. Mtu aliyeandikwa Henrik alikuwa Heikki maisha yake yote, na Johan alikuwa Juho au Jussi. Rais Juho Kusti Paasikivi alizaliwa akaandikwa Johan Gustaf Hellsten. Mtunzi wa muziki Jean Sibelius alibatizwa Johan Julius Christian na jamaa zake wakamwita Janne. Nakueleza haya ili ujue kwamba kuwa na jina moja la karatasini na jingine la nyumbani si jambo geni kwa Wafini, na iwapo mwanao ataitwa Eino shuleni na Juma kwa bibi yake Tanga, atakuwa anafuata njia iliyokwisha kupitwa na mababu wa baba yake.

Kundi la pili lilizaliwa na mwamko wa taifa katika karne ya 19. Baada ya utenzi wa Kalevala kuchapishwa mwaka 1835 na kupanuliwa mwaka 1849, wazazi walioipenda lugha yao walianza kuwapa wana wao majina ya mashujaa na miungu wa utenzi huo, kama Väinö, Ilmari, Kalervo na Tapio, au maneno ya kawaida ya Kifini yaliyogeuzwa kuwa majina. Kalenda ilipofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1908, majina mengi ya aina hiyo yalipata siku zake. Utayafahamu mara moja: Toivo ni tumaini, Onni ni bahati au furaha, Usko ni imani, Voitto ni ushindi, Armas ni mpendwa, Urho ni shujaa. Watu wenye Tumaini, Bahati, Imani na Ushindi katika koo zao hawawezi kuyashangaa majina haya. Jihadhari tu na jinsia, kwa sababu sisi humpa Tumaini au Amani mtoto wa kike au wa kiume bila kuuliza, ilhali kwa Wafini Toivo ni mwanamume na Rauha, yaani amani, ni jina la mwanamke.

Mfano wa tabaka hizi zote katika mtu mmoja ni Martti Ahtisaari, ambaye alikuwa balozi wa Ufini nchini Tanzania kuanzia mwaka 1973, kisha akawa rais wa nchi yake mwaka 1994 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2008. Majina yake ya kwanza yalikuwa matatu: Martti, ambalo ni umbo la Kifini la Martin mtakatifu; Oiva, neno la Kifini lenye maana ya bora; na Kalevi, linalotokana na ulimwengu wa Kalevala. Na kama wakwe zako wanadhani jina la Kifini na la Kiafrika haviwezi kukaa katika mtu mmoja, waulize juu ya Andimba Toivo ya Toivo, mpigania uhuru wa Namibia aliyefungwa miaka mingi katika Robben Island. Wamisionari wa Kifini walifika kaskazini mwa Namibia mwaka 1870, na Toivo wa kaskazini mwa Ulaya akawa jina la ukoo wa shujaa wa Afrika.

Kuhusu Eino, uelewe kwa nini linapendwa sasa. Majina ya Ufini hutembea kwa mzunguko wa takriban miaka mia moja: jina la wazazi huonekana limechoka, la babu huonekana la kizee, lakini la baba wa babu, ambaye hakuna anayemkumbuka akiwa mkali, huonekana zuri upya. Ndiyo maana wanaume wa makamo ni akina Jari, Timo, Kari na Seppo, ambao ni nadra kupewa watoto leo, wakati madarasa ya chekechea yamejaa akina Eino, Väinö, Onni na Toivo. Aidha kumpa mtoto jina la babu ni desturi yao ya kale; katika maeneo ya mashariki mwa nchi hasa, ilikuwa kawaida mwana wa kwanza amrithi babu mzaa baba kwa jina, na wa pili babu mzaa mama. Unapomtaka Juma kwa ajili ya baba yako unaomba jambo ambalo bibi zao wangelielewa bila maelezo, nami nadhani hiyo ndiyo namna bora ya kulizungumza mezani: kwamba kila upande umeleta babu wake.

Hebu sasa tuliangalie lile la kufuatisha jina la baba. Hapa pana hitilafu ya kweli kati ya mifumo miwili. Kwetu pwani mtoto ni Juma, mwana wa Antti, na majina hufuatana kwenda juu bila jina la ukoo la kudumu, wakati Ufini kila mtu ana jina la ukoo, tangu sheria ya mwaka 1920 ilipowalazimu wote kuwa nalo. Kabla ya hapo hali haikuwa hivyo. Mashariki, kwa watu wa Savo na Karelia, majina ya ukoo yanayoishia -nen yalirithiwa tangu zamani sana, lakini magharibi mkulima alikuwa Matti Juhonpoika, yaani Matti mwana wa Juho, na dada yake Liisa Juhontytär, binti Juho. Mara nyingi jina la shamba liliongezwa, na mtu akihamia shamba jingine alilichukua jina la shamba hilo, hata mwanamume aliyeoa na kuhamia shambani kwa wakwe zake. Desturi ya «bin» na «binti» basi waliijua vyema, na wapo wazazi wachache wanaoifufua hadi leo.

Mwanao atapata jina la ukoo, na kwa kawaida litakuwa la mmoja wenu au yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa sheria ya sasa inaruhusu kuunganisha majina mawili ya ukoo. Mkumbuke kwamba uamuzi huu hufuata hata wadogo zake watakaozaliwa, kwani ndugu wa baba na mama mmoja kwa kawaida hupewa jina moja la ukoo. Lakini angalia nafasi iliyo kabla ya ukoo. Jina la baba kuwekwa kama jina la pili la mwana ni jambo la kawaida kabisa kwa Wafini. Mkimwandikisha Juma Antti, karani wa Tampere ataona mtoto mwenye majina mawili ya kwanza, na shangazi zako Tanga wataona Juma mwana wa Antti. Hakuna upande utakaokuwa umedanganywa.

Kuhusu ubatizo, wifi yako amechanganya mambo mawili ambayo katika familia nyingi za Kifini hutokea siku moja. Familia za Kilutheri hulitangaza jina wakati wa ubatizo, na ni mila yao ya muda mrefu kulificha hadi siku hiyo, kiasi kwamba mtoto huitwa «vauva», yaani kichanga, kwa wiki kadhaa, na kumuuliza mzazi jina ni kukosa adabu kidogo. Bila shaka alikukatiza kwa ajili ya mila hiyo, na pengine hakuwa na nia ya kukudhalilisha. Lakini jina hupatikana kwa kuarifu serikali. Hospitali hutoa taarifa ya kuzaliwa, mtoto huingizwa katika daftari la watu na kupewa namba yake ya utambulisho, kisha walezi wote wawili kwa makubaliano huwasilisha jina ndani ya miezi mitatu tangu kuzaliwa kwake, kwenye mamlaka ya usajili wa watu inayojulikana kwa kifupisho cha DVV. Anayebatizwa hupitishiwa taarifa hiyo na parokia. Asiyebatizwa hupelekewa na wazazi wake. Familia zisizo za kanisa hufanya karamu ya jina bila kasisi, na karamu hiyo ina heshima kamili machoni pa Wafini. Kwa hiyo mnaweza kufanya akika siku ya saba na kumtaja kwa jina lake nyumbani, kisha mkawaalika wakwe siku nyingine kwa kahawa na kulitangaza mbele yao, nao wakapata ile ladha ya kungojea ambayo kwao ni sehemu ya furaha. Katika masuala ya dini yenyewe, sheikh wako ndiye wa kuulizwa.

Mpangilio basi. Mkimwita Eino Juma, shule na hospitali zitakuwa rahisi, wakwe watafurahi, na wewe utaendelea kumwita Juma nyumbani. Hatari yake ni kwamba jina la pili Ufini mara nyingi husikika siku ya jina, siku ya kiapo na siku ya mazishi, na katikati ya hapo hulala katika pasipoti. Mkimwita Juma Eino, baba yako atatajwa kila siku, ingawa kwa mlio wa «Yuma», na mtoto atahitaji uvumilivu zaidi. Njia ya tatu, ya kuchagua jina la pande zote mbili kama Elias, ni nzuri kwa wazazi wasio na mtu maalumu wa kumkumbuka, nami sikushauri wewe uifuate, kwa sababu barua yako yote inamhusu mtu maalumu. Mimi ningeandika Juma Antti Eino. Mnaruhusiwa majina manne, haya ni matatu, yote mafupi, na utaratibu wake unasomeka kwetu kama nasaba, ijapokuwa Eino ni babu wa Antti na si baba yake, jambo ambalo wazee wa Tanga watakusamehe. Sheria hailazimishi mtu aitwe kwa jina lake la kwanza. Msanifu majengo Alvar Aalto aliandikwa Hugo Alvar Henrik na dunia inamjua kwa la katikati. Mwanao akikua na kuona Antti au Eino linamfaa zaidi kazini, atalitumia bila kubadilisha karatasi yoyote.

Kabla ya kuamua, nawashauri wewe na mume wako mfanye jambo moja dogo: mliseme jina hilo kwa sauti kwa siku kadhaa, kwa Kiswahili na kwa Kifini, pamoja na viambishi vyake, na mume wako akuambie kwa uaminifu anavyolisikia. Huyu ndiye shahidi muhimu kuliko mama mkwe, kwa kuwa yeye ndiye atakayelitamka uwanjani na mbele ya walimu.

Yako mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Tafuteni kwanza idadi ya wenye jina la Juma katika huduma ya majina ya DVV, ambayo iko wazi mtandaoni. Ikiwa ni chini ya watano, andikeni katika taarifa yenu maelezo mafupi kuhusu asili yako na mzee Juma, na mwambatishe hati inayoonyesha uhusiano huo. Mamlaka ikisita, ina uwezo wa kuomba maoni ya kamati ya wataalamu wa majina, na mkikataliwa mna haki ya kukata rufaa, hapo nendeni kwa mwanasheria au ofisi ya msaada wa kisheria badala ya kusikiliza ushauri wa marafiki. Iwapo wewe na mume wako hamjakubaliana hadi miezi mitatu inakaribia kwisha, zungumzeni na mshauri wa familia katika kliniki ya wajawazito na watoto ya mtaa wenu, kwa sababu jina linahitaji ridhaa ya walezi wote, na kulibadilisha baadaye kunahitaji maombi yenye ada. Na kabla hamjatuma fomu, ulizeni ubalozi wa Tanzania namna majina matatu na jina la ukoo yatakavyoandikwa katika hati za upande wetu, ili herufi na mpangilio viwe vilevile katika nchi zote mbili tangu siku ya kwanza.